Mbunge mmoja mbele ya Bunge zima: kazi ya maswali ya Helen Suzman

Kila tunapokwenda kutoa elimu ya uraia, swali moja halikosekani. Mtu husimama nyuma ya ukumbi, kofia mkononi, akauliza: "Mwanasheria, mbunge wetu ni wa upinzani. Wenzake wanahesabika kwa vidole. Kura ikipigwa wanashindwa. Sasa kazi yake mle ndani ni ipi?" Ukumbi huitikia, maana wengi walikuwa na swali hilohilo ila hawakutaka kuwa wa kwanza kulitoa.

Zamani nilikuwa nikilijibu kwa vifungu vya Katiba, na niliona watu wanavyoanza kutazama saa. Siku hizi ninajibu kwa kisa cha mtu mmoja. Ninamchagua Helen Suzman wa Afrika Kusini kwa sababu yeye alikuwa mpinzani aliyenyang'anywa karibu kila kitu ambacho mbunge huhitaji. Hakuwa na wenzake, hakuwa na kura za kutosha kuzuia hata koma moja katika muswada, na watu aliowatetea hawakuruhusiwa kumchagua. Alichobaki nacho ni haki ya kusimama, kuuliza, na kujibiwa. Tukitaka kujua haki hiyo ina uzito gani, hapo ndipo pa kuipimia.

Alizaliwa Germiston, karibu na Johannesburg, tarehe 7 Novemba 1917, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania. Alisomea uchumi, akafundisha historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kilichomsukuma kwenye siasa ni kazi ya ofisini. Serikali ilipounda Tume ya Fagan kuchunguza maisha ya Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mijini, yeye alisaidia kuandaa ushahidi wa Taasisi ya Mahusiano ya Rangi ya Afrika Kusini. Ikambidi asome sheria moja baada ya nyingine: nani anaruhusiwa kulala mjini, kwa siku ngapi, kwa kibali cha nani, na akikutwa bila kibali anafanywa nini. Aliyekuwa akifundisha historia ya uchumi akajikuta anasoma namna sheria inavyoweza kumtenga mume na mkewe kwa karatasi tu. Mwaka 1953 aliingia bungeni kuwakilisha jimbo la Houghton, mtaa wa matajiri wa Johannesburg, kwa tiketi ya chama kikuu cha upinzani, United Party.

Bunge lenyewe lilikuwa la namna gani? Lilikuwa Bunge la wazungu, lililochaguliwa na wazungu. Waafrika wa Jimbo la Cape, ambao baadhi yao walipiga kura tangu karne ya 19, waliondolewa kwenye daftari la kawaida la wapiga kura mwaka 1936 na kupewa wazungu wachache wa kuwasemea. Mwaka 1960 hata viti hivyo vikafutwa. (Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua mtindo huo. Nchini Kenya, hadi Eliud Mathu alipoteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, Waafrika walisemewa na mzungu aliyechaguliwa na serikali.) Kwa hiyo katika nchi yenye watu wapatao milioni 16, ambamo wazungu walikuwa kama milioni 3, Bunge halikuwa na mjumbe hata mmoja wa kulazimika kurudi kwa Waafrika kuwaomba kura.

Mwaka 1959 Suzman na kundi la wabunge wenzake walijitoa United Party, baada ya mkutano mkuu wa chama hicho kukataa ardhi zaidi itengwe kwa ajili ya Waafrika. Wakaanzisha Progressive Party. Uchaguzi wa Oktoba 1961 uliwafagia. Akabaki yeye tu, kwa tofauti ya kura 564. Kuanzia hapo hadi Aprili 1974, kwa miaka 13, Progressive Party bungeni ilikuwa ni Helen Suzman peke yake.

Hebu fikiri maana yake kwa kazi za kila siku. Chama kikubwa humpa mbunge mmoja mambo ya polisi, mwingine elimu, mwingine afya. Yeye alibeba vyote. Muswada ukiletwa asubuhi, hakuna mwenzake wa kumwambia "nisomee hiki wewe, nikusomee kile." Akisimama kuzungumza, hakuna wa kupiga meza kumuunga mkono. Wabunge wa chama tawala walimpigia kelele arudi Israeli, au aende Moscow. Simu yake ilisikilizwa na polisi. Akijua wapo kwenye laini, alikuwa akipuliza filimbi kwa nguvu ndani ya simu. Siku Waziri Mkuu Hendrik Verwoerd alipochomwa kisu ndani ya ukumbi wa Bunge, tarehe 6 Septemba 1966, P. W. Botha, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alimgeukia palepale na kumwambia kuwa wao waliberali ndio waliosababisha. Baadaye ilimlazimu aombe radhi.

Swali ni chombo

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Suzman hakuwa na kura, lakini kanuni za Bunge la Afrika Kusini zilimpa haki ileile aliyokuwa nayo mbunge yeyote: kumwandikia waziri swali na kudai jibu. Aliitumia haki hiyo kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani. Mwaka baada ya mwaka aliuliza: ni watu wangapi wamekamatwa kwa makosa ya pasi, vile vibali vya Mwafrika kukaa mjini? Wangapi wamechapwa viboko kwa amri ya mahakama? Wangapi wamenyongwa, na wa rangi gani? Wangapi wako kizuizini bila mashtaka? Serikali inatumia kiasi gani kwa mwanafunzi mzungu, na kiasi gani kwa mwanafunzi Mwafrika? Mzee mzungu analipwa pensheni kiasi gani, na mzee Mwafrika kiasi gani?

Tazama namna maswali hayo yalivyojengwa. Hayamuulizi waziri kama anaona haya, wala kama anadhani sera yake ni ya haki. Swali la aina hiyo hujibiwa kwa hotuba, na hotuba haimfungi mtu. Maswali ya Suzman yaliomba hesabu, kwa mwaka, kwa rangi, kwa sheria iliyotumika. Waziri alikuwa na njia mbili tu: kutoa tarakimu, au kukataa kuzitoa mbele ya nchi nzima, na kukataa nako ni jibu.

Ukipata tarakimu hizo kwa mwaka mmoja, una habari. Ukizipata kwa miaka 20 mfululizo, una ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walioshtakiwa kwa makosa ya pasi walizidi 600,000 kwa mwaka. Wasomaji wa Kenya wanaokumbuka simulizi za babu zao kuhusu kipande, kile cheti kilichotundikwa shingoni ndani ya kikebe, watajua ninazungumzia nini. Mwafrika wa Afrika Kusini asiye na kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72, hata kama mkewe alikuwa na kazi na chumba palepale. Baadhi ya miaka walionyongwa walizidi 100. Fedha alizotumiwa mtoto mzungu shuleni zilikuwa zaidi ya mara kumi ya zile alizotumiwa mtoto Mwafrika. Wapinzani wa makaburu waliokuwa uhamishoni, Dar es Salaam, Lusaka na London, walikuwa wakisema mambo haya, na serikali ikiwaita waongo. Lakini zikitoka katika kinywa cha waziri mwenyewe, zikapigwa chapa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, nani ataitwa mwongo?

Waziri mmoja alikasirika akamwambia kwamba anauliza maswali hayo ili kuiaibisha Afrika Kusini ng'ambo. Suzman akamjibu: si maswali yangu yanayoiaibisha Afrika Kusini, ni majibu yenu.

Kuna jambo jingine ambalo mwananchi asiyeizoea sheria anaweza kulipita. Maneno yanayosemwa bungeni yana kinga. Mbunge hashtakiwi kwa aliyosema mle ndani, na gazeti linaporipoti kwa uaminifu yaliyosemwa huwa na hifadhi. Afrika Kusini ya miaka ile kinga hiyo ilikuwa kitu adimu. Sheria ya Magereza ya 1959 ilimtia hatiani anayechapisha habari za magereza ambazo serikali ingesema si za kweli, huku mzigo wa kuthibitisha kwamba alichukua hatua za kutosha kuzihakiki ukiwa juu yake mwenyewe. Gazeti la Rand Daily Mail lilichapisha mwaka 1965 simulizi ya mfungwa wa zamani kuhusu hali ya magereza. Mhariri wake Laurence Gandar na mwandishi Benjamin Pogrund wakaburutwa mahakamani, wakatiwa hatiani mwaka 1969. Jambo lilelile likiulizwa na mbunge na kujibiwa na waziri, gazeti liliweza kulichapa. Hivyo swali la Suzman lilikuwa mlango ambao habari ilipitia kutoka gerezani hadi mezani kwa msomaji.

Na habari zenyewe alizipata wapi? Kwa barua. Wafungwa, wake za wafungwa, watu waliofungiwa majumbani kwa amri ya serikali, wanafunzi, mapadri, wahudumu wa nyumbani walimwandikia kutoka kila pembe ya nchi, wakijua kwamba hawakumpigia kura na hawataweza kumpigia. Jimbo lake lilikuwa Houghton, lakini waliomtuma walikuwa wale wasiokuwa na jimbo. Nyaraka zake, zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ni ghala la shida za nchi nzima.

Kwenda kujionea

Alikuwa na kanuni aliyoirudia mara nyingi: nenda ukajionee mwenyewe. Mwaka 1967 alifika kisiwa cha Robben, akapita chumba kwa chumba katika sehemu walimofungwa viongozi. Alijitambulisha kwa kila mfungwa na kumuuliza ana malalamiko gani. Kila mmoja alimwambia: yako mengi, lakini msemaji wetu ni Mandela, chumba chake kiko mwisho wa ukumbi. Nelson Mandela alimweleza mbele ya wakuu wa magereza: chakula, mavazi, masomo, magazeti. Akamtajia pia askari jela mmoja aliyewatesa, aliyekuwa na alama ya Manazi imechanjwa mkononi. Suzman alirudi Cape Town akalifuatilia. Haikupita muda askari yule akahamishwa. Mandela alikuja kueleza jinsi lilivyokuwa jambo la ajabu na la kufurahisha kumwona mwanamke huyu jasiri akichungulia vyumba vyao na kutembea uani kwao.

Nimesikia watu wakisema: askari mmoja kuhamishwa, hilo nalo ni jambo? Kwa anayepigwa na askari huyo kila siku, ndiyo, ni jambo. Haki za binadamu huanzia hapo, kwenye mwili wa mtu mmoja, na mbunge anayedharau shida ya mtu mmoja akisubiri mapinduzi makubwa atamaliza muhula wake mikono mitupu. Wafungwa wa Robben hawakufunguliwa kwa sababu ya Suzman. Lakini alirudi tena na tena, akadai masomo, akadai mavazi ya kufaa, akadai magazeti, na waliokuwemo wameshuhudia kwamba hali yao ilianza kubadilika kidogokidogo.

Mwaka 1985, akiwa na miaka 67, bado alikuwa na desturi ileile. Tarehe 21 Machi mwaka huo, miaka 25 kamili baada ya mauaji ya Sharpeville yaliyochukua roho za watu 69, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakielekea mazishini katika mtaa wa Langa, mjini Uitenhage. Watu 20 walikufa. Waziri alilieleza Bunge kwamba polisi walikuwa wameshambuliwa. Suzman na wenzake wa upinzani walifunga safari hadi Uitenhage, wakakaa na majeruhi na mashahidi, wakachukua maelezo. Tume ya jaji iliyoundwa baadaye ilibaini kwamba wengi wa waliokufa walipigwa risasi mgongoni.

Siku alipoketi peke yake

Mwaka 1963 Waziri wa Sheria John Vorster alileta muswada wa kuwaruhusu polisi kumshika mtu kwa siku 90 bila kumfikisha mahakamani, bila wakili, bila ndugu kumwona. Siku 90 zikiisha, polisi wangeweza kumwachia mlangoni na kumkamata upya palepale. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kilichoitwa kwa jina la Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAC: alikuwa amemaliza kifungo chake cha miaka mitatu, na kifungu hicho kilimruhusu waziri kuendelea kumzuia. Alizuiwa miaka sita zaidi. Kifungu kililetwa bungeni kila mwaka kuhuishwa, na kila mwaka Suzman alisimama kukipinga.

Chama kikuu cha upinzani, kile chama chake cha zamani, kiliunga mkono muswada wa siku 90. Kura ilipoitwa, Suzman alibaki upande wa wanaopinga peke yake, viti vitupu kulia na kushoto. Mwaka 1967 ilipokuja Sheria ya Ugaidi, iliyoondoa kikomo chochote cha siku za kuzuiwa, alipinga tena akiwa yeye tu.

Hapa ndipo ninapokaa sana na wasikilizaji wangu, kwa sababu wengi huona kura kama hiyo ni ya bure. Sheria ilipita, ikatumika mwaka huohuo, na Septemba 1963 Looksmart Ngudle akawa mtu wa kwanza kufa akiwa chini ya kizuizi hicho. Kura ya Suzman haikumwokoa. Lakini iliondoa uwezekano wa serikali kudai kwamba Bunge zima lilikubali, na ilimpa yeye msimamo wa kuuliza, kifo baada ya kifo: amekufaje, nani alikuwa naye, na daktari alimwona lini?

Miongoni mwa vifo alivyovipeleka bungeni ni cha Imamu Abdullah Haron wa Claremont, Cape Town. Imamu huyu alikuwa akisaidia familia za watu walioteswa na utawala wa makaburu. Alikamatwa tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulidi, akazuiwa siku 123 bila mashtaka, akafa tarehe 27 Septemba. Mwili wake ulikuwa na majeraha 27. Polisi walisema alianguka kwenye ngazi. Makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza kaburini, na mwaka 1970 Suzman alisimama bungeni kulitaja jina lake na kudai maelezo. Hakupewa maelezo ya kuridhisha. Familia haikuacha. Tarehe 9 Oktoba 2023, miaka 54 baada ya kifo, Mahakama Kuu ya Western Cape ilitengua uamuzi wa zamani na kutamka kwamba Imamu alikufa kwa mateso aliyofanyiwa na polisi.

Usawa wa wanawake, na ukomo wake

Suzman alifanya kazi ndefu pia juu ya sheria za ndoa. Kwa sheria ya Afrika Kusini ya wakati huo, mume alikuwa na mamlaka juu ya mkewe kisheria: mke asiyekuwa na mkataba maalumu hakuweza kusaini mikataba mingi wala kuendesha mali bila idhini yake. Mwanamke Mwafrika wa Natal alihesabiwa mtoto mbele ya sheria maisha yake yote, hata akiwa bibi mwenye wajukuu. Sheria ya Mali za Ndoa ya 1984, ambayo Suzman aliipigania, iliondoa mamlaka ya mume katika ndoa mpya. Ila haikuwahusu Waafrika. Walingoja hadi 1988.

Nalitaja hili makusudi, kwa sababu ingekuwa si haki kumweleza Suzman kama malaika. Chama chake kwa miaka mingi hakikudai kura kwa kila mtu mzima. Kilitaka mpiga kura awe na kiwango fulani cha elimu au kipato, na msimamo huo kiliuacha mwaka 1978 tu. Mwaka 1968 serikali ilipopiga marufuku vyama vyenye wanachama wa rangi mbalimbali, Liberal Party ilichagua kujivunja kuliko kuwafukuza wanachama wake Waafrika. Progressive Party ilibaki, ikawa chama cha wazungu. Suzman mwenyewe alipinga vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Afrika Kusini, akisema vitawanyima kazi maskini, na kwa hilo alitofautiana kabisa na ANC na msimamo wa nchi zetu. Wapo waliosema kwamba kukaa kwake mle ndani kuliupa utawala wa makaburu sura ya demokrasia.

Hoja hiyo ya mwisho ni nzito na mimi siipuuzi. Serikali ya makaburu kweli ilipenda kuuonyesha ulimwengu kwamba ina Bunge ambamo hata mpinzani mkali anasema. Lakini ninapoweka mizani, naona upande mmoja sifa ambayo serikali ilijipatia kwa kumvumilia, na upande mwingine zile tarakimu za pasi, viboko, na vifo vya kizuizini, ambazo zisingetoka kwa njia nyingine. Waliofungwa Robben walikuwa na haki kuliko mimi ya kumhukumu. Tarehe 10 Desemba 1996, Mandela, akiwa rais, alipotia saini Katiba mpya pale Sharpeville, Suzman alikuwa amesimama kando yake.

Alistaafu ubunge mwaka 1989, baada ya miaka 36. Sheria za pasi alizoanza kuzisoma kwa ajili ya Tume ya Fagan aliziona zikifutwa mwaka 1986 akiwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa mjumbe wa Tume Huru ya Uchaguzi iliyosimamia uchaguzi wa 1994, kisha akahudumu katika Tume ya Haki za Binadamu. Alifariki Johannesburg tarehe 1 Januari 2009.

Tunavyoweza kumtumia mbunge wetu

Narudi kwa yule aliyesimama nyuma ya ukumbi. Zana alizokuwa nazo Suzman zipo kwetu. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 63, inalipa Bunge uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni. Katiba ya Kenya, Ibara ya 119, inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na Ibara ya 117 inalinda uhuru wa mbunge kusema. Haki hizi hazimbagui mbunge wa chama tawala na wa upinzani. Mbunge wa upinzani ana nafuu moja tu: hana waziri wa chama chake wa kumwonea haya.

Kinachokosekana mara nyingi ni kile kilichomfikia Suzman kwa barua. Wananchi humwambia mbunge: "Mheshimiwa, wazee tunateseka." Akisimama kusema hivyo, waziri atajibu kwamba serikali inawajali sana wazee, na mwenyekiti ataita swali linalofuata. Mpeni kitu cha kushika. Mwambieni: katika kata yetu wazee waliotimiza umri na kuandikishwa kupata pesa ya wazee ni hawa, majina yao haya kwa idhini yao, waliolipwa mara ya mwisho ni mwezi fulani, walioondolewa kwenye orodha bila kuandikiwa sababu ni kadhaa. Hapo mbunge anaweza kuuliza: ni wazee wangapi walioandikishwa katika wilaya hii hawajalipwa tangu mwezi fulani, na lini watalipwa? Na kwa swali la nyongeza: je, waziri yuko tayari kuja kukutana nao?

Kwa mtu aliyeshikwa na polisi, andikeni saa aliyochukuliwa, mahali, kituo alichopelekwa, nani alikwenda kumwona na akajibiwa nini. Kwa mama aliyefukuzwa nyumbani baada ya kufiwa na mume, andikeni alichonyang'anywa, tarehe, na barua ya baraza la kata au ya chifu kama ipo. Msitie chumvi hata punje, maana waziri akigundua kosa moja dogo atalishika hilo na kuacha yaliyobaki yote. Jibu likitoka, liombeni kwa maandishi kutoka kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, mlisome pamoja kwenye mkutano wa kijiji, na mkiona halilingani na mnayoyajua, mwandikieni mbunge tena mwaka unaofuata, kwa swali lilelile.

Barua iwe na tarehe na sahihi. Andikeni nakala mbili, moja ibaki kijijini.